Kijiji cha Llanrhaeadr: Maji Yaliyokwenda na Lugha Iliyobaki

Mtu wa Afrika ya Mashariki akiitaja Uingereza, mara nyingi hufikiri habari za London tu, na kudhani ya kuwa kila mtu akaaye katika kisiwa kile ni Mwingereza aliyezaliwa na Kiingereza kinywani. Sivyo. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho iko nchi ya Welisi, ambayo wenyeji wake huiita Cymru, nayo ina lugha yake, desturi zake na historia yake. Lugha hiyo ya Kiwelisi ni mzao wa lugha iliyosemwa kisiwani kabla Waingereza wa kwanza hawajavuka bahari na kuingia humo.

Mgeni apitaye Welisi kwa haraka huona mvua, kondoo, na vibao vya barabarani vyenye majina marefu yanayomshinda kusoma, kisha huenda zake. Lakini akikaa siku tatu au nne katika kijiji kimoja, na kutembea mabonde yanayokizunguka, ataona mambo mengi ya kumfikirisha. Kijiji kimoja kifaacho kwa kusudi hilo ni Llanrhaeadr-ym-Mochnant, kilicho chini ya milima ya Berwyn, karibu na mpaka wa Uingereza. Karibu nacho kuna maporomoko ya maji yaliyo maarufu, kuna ziwa lililofunika kijiji kizima, na katika kijiji chenyewe alikaa mtu aliyeandika kitabu kilichoipa lugha ya Wawelisi nguvu ya kuishi mpaka leo.

Msafiri hushuka katika gari moshi kwenye stesheni ya Gobowen, karibu na mji wa Oswestry ulio upande wa Uingereza. Tangu hapo hushika njia ya magharibi, akifuata bonde la mto Tanat. Zamani palikuwa na reli ndogo katika bonde hilo, iliyofunguliwa mwaka 1904 ili kuwasaidia wakulima na wenye machimbo ya mawe, lakini abiria waliacha kuchukuliwa mwaka 1951, na sasa mtu hana budi kwenda kwa motokaa. Njia ni nyembamba, ina kona nyingi, na pande zote mbili ina ua wa miti iliyokatwa vizuri. Kadiri mtu aendavyo mbele, vilima hukaribiana na bonde huzidi kuwa jembamba.

Jina la kijiji humtisha mgeni, lakini msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa sana. Kiwelisi, kama Kiswahili, huandikwa kwa kufuata sauti, na herufi zikishajulikana mtu aweza kusoma neno asilopata kulisikia. Herufi mbili za “dd” husomwa kama “dh” ya dhahabu, na “ch” husomwa kama “kh” ya waandishi wa zamani walioandika “kheri”. Tena, kama maneno ya Kiswahili yabadilikavyo mwanzoni, ndivyo yabadilikavyo ya Kiwelisi. Kiswahili husema nyumba nzuri, lakini nyumba mbovu, kwa kuwa sauti ya “n” hugeuka mbele ya “b”. Vivyo hivyo neno la Kiwelisi “yn”, maana yake “katika”, hugeuka kuwa “ym” mbele ya Mochnant. Basi “llan” ni kanisa na uwanja wake, “rhaeadr” ni maporomoko ya maji, na Mochnant ni jina la kale la jimbo lile. Jina lote lina maana ya Kanisa la Maporomoko katika Mochnant.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Nyumba zake ni za mawe, barabara zake ni nyembamba, na katikati hupita mto Rhaeadr. Mto huo ulikuwa mpaka wa wilaya mbili tangu zamani, hata ng'ambo moja ya kijiji ilitawaliwa na baraza moja na ng'ambo ya pili na baraza jingine, mpaka zilipounganishwa katika wilaya ya Powys mwaka 1996. Karibu na mto liko kanisa la Mtakatifu Dogfan. Mgeni na alitazame, kisha aliache kwanza, kwa maana habari zake zitafahamika vema zaidi akiisha kuizunguka milima.

Maporomoko yaliyokipa kijiji jina yako mbali kidogo, mwendo wa maili nne hivi, mwisho wa bonde. Huitwa Pistyll Rhaeadr. Maji hutoka mlimani na kuanguka futi 240 hivi katika jabali jeusi. Hayaanguki mara moja, bali hushuka kwa ngazi, na kabla ya kufika chini hupita chini ya upinde wa jiwe uliofanywa na maji yenyewe. Shairi la zamani, ambalo mtunzi wake hajulikani, huyahesabu kuwa mojawapo ya maajabu saba ya Welisi. Mwaka 1854 alifika huko mwandishi wa Kiingereza George Borrow, aliyekuwa amejifunza Kiwelisi tangu ujana wake, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari zake. Yeye aliyasifu maji, lakini aliulaumu ule upinde wa jiwe kuwa unayaficha. Wageni wengi wa leo hawaungi mkono lawama hiyo, maana upinde huo ndio hasa wanaoupiga picha.

Toka maporomoko iko njia ya miguu ipandayo mpaka vilele vya Berwyn, ambavyo kimo chake kimepita futi 2,700. Mkulima wa Limuru, ambaye shamba lake liko juu kuliko futi 7,000, huenda akacheka kusikia hiyo ikiitwa milima. Na acheke, lakini asipande bila koti. Upepo wa huko ni mkali, ukungu huanguka ghafula, na mtu asiyejua njia aweza kupotea katika saa moja.

Habari za kimo cha milima zinakumbukwa sana katika bonde hili kwa sababu ya picha ya sinema iliyotolewa mwaka 1995, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa katika kijiji cha Llanrhaeadr na vilima vilivyo karibu. Hadithi yake ni ya mwaka 1917. Wapimaji wawili wa Kiingereza wanafika kijijini na kupima mlima wa pale, wakaona umepungukiwa na futi chache kufikia 1,000, na kwa hiyo hauwezi kuandikwa mlima katika ramani, bali kilima tu. Wanakijiji wanaona aibu, wanachukua udongo katika ndoo na mikokoteni, wanaupandisha juu mpaka kimo kinatosha. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini ndani yake mna jambo la kweli juu ya watu wadogo wapimwao na wengine.

Mkulima atakayetembelea bonde hili atapenda kuona kazi ya wenzake. Ardhi ni ya mteremko, udongo wa juu ni haba, na mvua ni nyingi, kwa hiyo mazao makubwa ni majani, na utajiri ni kondoo. Hapo zamani kila jamaa ilikuwa na nyumba mbili. Ya bondeni iliitwa “hendre”, na humo walikaa wakati wa baridi. Ya mlimani iliitwa “hafod”, na humo walihamia na mifugo wakati wa joto. Desturi hiyo imekwisha, lakini majina hayo yangali yakionekana katika milango ya mashamba mengi.

Jambo moja ni la ajabu zaidi. Katika sehemu nyingi za mlimani hakuna ua wala waya, na hata hivyo kondoo wa kila mkulima hukaa katika sehemu yao. Kondoo jike hujifunza mipaka ya malisho kwa mama yake alipokuwa akimfuata na kunyonya, naye humfundisha mwanawe, na hivyo tangu kizazi hata kizazi. Wawelisi huiita sehemu hiyo “cynefin”, na neno hilo hilo hulitumia kwa mtu, wakimaanisha mahali alipozoea na panapomfahamu. Mkulima akiliuza kundi lake lote na kuleta jingine kutoka mbali, kundi jipya halijui lolote, nalo hutawanyika. Ndiyo sababu mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza na Welisi na mifugo mingi kuuawa ili kuuzuia, wakulima wa milimani hawakuogopa hasara ya fedha tu. Fedha za fidia zaweza kununua kondoo, lakini haziwezi kununua maarifa ambayo kondoo mama amempa mwanawe. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, maana litarudi mbele.

Magharibi ya Llanrhaeadr, kupita kijiji cha Llangynog, iko njia ndogo iingiayo bonde lililojificha, nalo lina kanisa la Pennant Melangell. Yasemekana ya kuwa mwanzo wa karne ya 7 mtawala wa Powys aliyeitwa Brochwel alikuwa akiwinda, na mbwa wake wakamfukuza sungura mpaka kichakani. Humo alikuwamo msichana akiomba, na sungura akakimbilia chini ya nguo zake. Mbwa walirudi nyuma wakilia, na mtawala akampa msichana yule, Melangell, bonde lote liwe mahali pa kimbilio. Tangu hapo watu wa bonde waliona haya kumwua sungura. Ndani ya kanisa yamo masalio ya kaburi la mtakatifu huyo, la mawe yaliyochongwa katika karne ya 12 na kuunganishwa tena baadaye, na nje iko miti ya kale mno. Mwafrika, ambaye katika ngano zake sungura hujiokoa kwa akili yake mwenyewe, atapendezwa kukutana na sungura aliyeokolewa kwa huruma.

Lakini si kila kitu kilichokimbilia mabonde haya kilipata kimbilio. Ukivuka vilima kuelekea kusini magharibi utafika katika ziwa la Vyrnwy. Ni ziwa zuri. Urefu wake wapata maili tano, misitu imelizunguka pande zote, na karibu na ukingo wake umo mnara majini kama wa ngome za hadithini. Mgeni asiyeambiwa hudhani ziwa hilo lilikuwapo tangu kuumbwa ulimwengu, kumbe lilifanywa na watu.

Katika karne ya 19 mji wa Liverpool ulikuwa ukikua upesi sana kwa biashara ya bandari. Watu walisongamana, maji safi yalikuwa haba, na magonjwa kama kipindupindu yalikuwa yamewaua wengi. Wakuu wa mji wakatafuta maji mbali, wakaliona bonde la Vyrnwy. Mwezi wa Julai 1881 jiwe la kwanza la boma liliwekwa, na mwishoni mwa mwaka 1888 kazi ikawa imemalizika kiasi cha kuyafunga maji. Boma hilo lilikuwa la kwanza la namna yake katika Uingereza na Welisi, lote la mawe, urefu wake zaidi ya futi 1,100, na maji yakizidi humwagika juu ya ukingo wake. Toka mnara wa ziwani maji huingia katika mabomba na kwenda maili 68 mpaka Liverpool.

Mahali hapo palikuwa na kijiji, na jina lake Llanwddyn. Kilikuwa na kanisa, vyumba viwili vya ibada, nyumba za wageni tatu, mashamba kumi na nyumba 37. Vyote vilibomolewa. Mifupa ya wafu ilifukuliwa na kuzikwa tena karibu na kanisa jipya, na wenyeji wakajengewa kijiji kipya chini ya boma. Miaka ya ukame, kama mwaka 2022, maji yapunguapo, misingi ya kuta za zamani hutokea katika tope, na watu huja kuitazama.

Haifai kusema ya kuwa watu wa Liverpool walikuwa waovu. Mtoto wa mjini aliyekunywa maji machafu alikuwa na haki ya kuishi. Swali ni hili: nani aliulizwa, na nani aliamua? Wakulima wa Llanwddyn, ambao wengi wao walikuwa wapangaji tu, hawakuwa na neno katika shauri hilo.

Mwaka 1923 mji mwingine wa Kiingereza, Warrington, ulitaka kulifunika bonde la Ceiriog, lililo ng'ambo ya vilima, kaskazini ya Llanrhaeadr. Safari hii watu wa bonde waliungana na kupinga, na mswada ule ukashindwa Bungeni. Lakini mapigano mengine yalikuwa bado. Msafiri akitoka Vyrnwy kuelekea kaskazini, akipanda njia ya mlimani kisha kushuka mpaka mji wa Bala, atakuwa karibu na bonde la Tryweryn. Hapo palikuwa na kijiji cha Capel Celyn, chenye shule, posta na kanisa, ambacho watu wake wote walisema Kiwelisi. Liverpool walilitaka bonde hilo pia. Mwezi wa Novemba 1956 wanakijiji, wazee kwa watoto, waliandamana katika barabara za Liverpool wakiomba waachiwe makao yao. Hata hivyo mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria, wala hakuna mbunge hata mmoja wa Welisi aliyeipigia kura ya kuikubali. Mwaka 1965 ziwa lilifunguliwa, na watu 48 walikuwa wamepoteza nyumba zao. Baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye. Radhi hiyo ilipokewa na watu wengine kwa shukrani, na wengine waliona imechelewa mno.

Mji wa Bala wenyewe ni wa kupendeza. Uko kando ya Llyn Tegid, ziwa kubwa kuliko yote ya asili katika Welisi, ambamo yumo samaki aitwaye “gwyniad” asiyeonekana kwa asili katika ziwa jingine lo lote. Karibu na mji huo mwaka 1873 yalifanyika mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo, nayo ndiyo ya kwanza yaliyoandikwa habari zake katika Uingereza na Welisi. Lakini habari kubwa ya Bala ni ya msichana maskini, Mary Jones, binti wa mfumaji wa nguo. Aliweka akiba senti kwa senti miaka sita ili anunue Biblia ya Kiwelisi. Mwaka 1800, alipokuwa na umri wa miaka 15, alitembea maili 25 hivi kutoka kijijini kwao mpaka Bala, kwa kuwa alisikia ya kuwa mchungaji Thomas Charles anazo Biblia za kuuza. Charles hakusahau habari za Wawelisi waliotaka kusoma wasipate kitabu. Alikwenda kuzieleza London, na mashauri yaliyofanywa huko yalizaa, mwaka 1804, Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje, ambacho kazi yake ilikuwa kuchapa Biblia kwa kila lugha.

Je, kitabu alichokifuata Mary Jones kilitoka wapi? Kilianza ng'ambo ya milima ile ile ya Berwyn. Basi sasa msafiri na apande njia ya mashariki itokayo Bala, ipitayo nyika ya mlimani na kushuka Llangynog, arudi Llanrhaeadr, aingie katika lile kanisa aliloliacha.

Mwaka 1578 aliletwa hapo kasisi mmoja aitwaye William Morgan. Alikuwa mtoto wa mkulima mpangaji wa bonde la Wybrnant, karibu na Penmachno, naye alisoma Cambridge mpaka akazijua lugha za Kiebrania na Kiyunani. Wakati huo Kiwelisi kilikuwa katika hatari. Tangu mwaka 1536 sheria ilikuwa imeamuru ya kuwa Kiingereza ndicho lugha ya mahakama na ya serikali, na mtu asiyekijua asipewe cheo. Mwaka 1563 Bunge liliamuru Biblia ifasiriwe kwa Kiwelisi, si kwa kuipenda lugha hiyo, bali ili Wawelisi waifahamu dini mpya ya Kiprotestanti. Tena sheria ile ile iliagiza ya kuwa kila kanisa liweke na Biblia ya Kiingereza kando yake, ili watu, kwa kuvilinganisha vitabu viwili, wajifunze Kiingereza.

Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, kazi kubwa ya William Salesbury, lakini maandishi yake yaliwapa wasomaji shida. Ndipo Morgan, katika kijiji hiki kidogo, akashika kalamu. Hakuwa na utulivu. Alikosana na tajiri mmoja wa parokia yake, na kesi zao zilifika mpaka mahakama ya London. Katikati ya fitina hizo aliendelea kuandika. Kazi ilipokwisha alikaa London karibu mwaka mzima, katika nyumba ya Gabriel Goodman, Mkuu wa kanisa la Westminster, ili asimamie uchapaji, kwa sababu wapiga chapa hawakujua hata neno moja la Kiwelisi. Biblia nzima ilitoka mwaka 1588. Baadaye Morgan alifanywa askofu, akafariki mwaka 1604. Mwaka 1620 kitabu kilisahihishwa na wataalamu wengine, na hicho ndicho kilichosomwa katika nyumba za Wawelisi zaidi ya miaka mia tatu.

Faida yake haikuwa ya dini peke yake. Kila Jumapili mkulima wa kaskazini na mvuvi wa kusini walisikia lugha moja safi, wakajua ya kuwa ni lugha ya heshima, ifaayo kwa mambo makubwa. Na watoto walipofundishwa kusoma, walikuwa na kitabu cha kusoma. Lugha nyingi ndogo za Ulaya zisizopata kitabu namna hiyo zilififia.

Habari hizi zinamgusa Mswahili kuliko anavyodhani. Chama kile kilichozaliwa kwa ajili ya haja ya Wawelisi ndicho kilichosaidia baadaye kuchapa Biblia katika lugha nyingi za Afrika. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, iliyosomwa Kenya na Tanganyika katika nyumba zisizohesabika, ilichapwa na chama hicho hicho.

Liko na jambo jingine la kugusa, nalo si tamu. Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Welisi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa kipande cha mti shingoni. Aliweza kukivua tu kwa kumchongea mwenzake, na aliyebaki nacho jioni alipigwa. Wazee wengi wa Kenya hawahitaji kufafanuliwa desturi hiyo, maana wao wenyewe walivikwa kibao cha namna hiyo shuleni kwa kusema Kikikuyu, Kidholuo au Kikamba. Kibao hicho kilifanya kazi mbaya kuliko fimbo, kwa kuwa kilimfundisha mtoto kumwona mama yake kuwa ni aibu.

Leo mambo yamebadilika. Kiwelisi ni lugha rasmi katika nchi yake, hufundishwa shuleni, na tangu mwaka 1982 kina kituo chake cha televisheni. Serikali ya Welisi imetia nia ya kupata wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Walakini hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha wasemaji 538,000 hivi, yaani watu 18 hivi katika kila 100, nao walikuwa wamepungua tangu hesabu ya mwaka 2011. Katika vijiji vya mashambani vijana huondoka kutafuta kazi mijini, na nyumba hununuliwa na watu wa mbali wapendao utulivu. Wageni hao si watu wabaya, lakini nyumba ikishafungwa nusu mwaka haina mtoto wa kupeleka shule ya kijiji.

Hapo ndipo lile neno la kondoo hurudi. Lugha nayo hufundishwa kwa kumfuata mama. Kizazi kimoja kikikatika, serikali yaweza kutoa fedha, walimu na vitabu, navyo vyote ni vizuri, lakini kile ambacho mama alimpa mwanawe bila kujua ya kuwa anafundisha hakinunuliwi sokoni.

Basi mgeni aendaye Llanrhaeadr afanye nini? Alale kijijini, anunue mkate na nyama katika maduka ya pale pale, afunge kila lango la shamba alilolifungua, asiache mbwa wake akimbie kati ya kondoo wenye mimba. Ajifunze maneno mawili: “bore da”, maana yake habari za asubuhi, na “diolch”, maana yake asante. Atakosea kuyatamka, nao watamcheka kidogo, lakini hawatayasahau. Kisha asimame siku moja juu ya boma la Vyrnwy, na siku ya pili katika kanisa la Mtakatifu Dogfan, avipime vitu viwili hivyo moyoni mwake. Boma lilijengwa kwa nguvu za mji tajiri, kwa mawe na mamia ya wafanya kazi, na maji ya bonde yakachukuliwa nalo. Kitabu kiliandikwa na mtoto wa mkulima, mezani pake, akisumbuliwa na majirani na kesi. Wenyeji hawakuweza kuyazuia maji. Lugha waliizuia isiende, kwa sababu mtu mmoja wa kwao aliiandika vema, na maelfu ya akina mama wasiojulikana majina waliisema na watoto wao jikoni.